KUHIFADHI SI UKASUKU: CHUO CHA RUMONGE KANDO YA SHULE YA VEDA

Miongoni mwetu sisi walimu wa lugha, jina la kasuku limekuwa hukumu isiyokatiwa rufani. Mtoto akisoma kwa ghibu aya, shairi au orodha ya ngeli, kisha akashindwa kueleza alilolitamka, twasema amekaririshwa kama kasuku, na lawama yote humshukia aliyemfundisha. Katika makala haya twakusudia kuihakiki hukumu hiyo. Tutaitazama kwanza shule ambayo aghalabu ndiyo inayoelekezewa lawama hii, yaani chuo cha Kurani, kama kilivyo Rumonge katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Kisha tutakiweka chuo hicho kando ya shule nyingine ya kale, ile ya kuhifadhi Veda huko Bara Hindi, ambayo imeshtakiwa kwa kosa lilo hilo kwa karne nyingi zaidi.

Rumonge ni mji wa mawese na samaki, kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Kiswahili kilifika huko kwa njia ya ziwa, pamoja na biashara iliyokuwa na kituo chake kikuu Ujiji katika karne ya 19. Hakikuletwa na serikali wala na kitabu cha sarufi. Utawala wa Wajerumani ulikipendelea. Lakini mapadre walikitilia shaka kwa kuwa walikiona ni mlango wa Uislamu, na baada ya Wabelgiji kuishika nchi mwaka 1916 hakikupata tena nafasi ya heshima shuleni. Hata leo, katika Kirundi, kumwita mtu Mswahili ni kumwita Mwislamu, na wakati mwingine ni kumwita mjanja wa mjini. Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi za Burundi katika miaka ya 2000 tu, wakati nchi ilipokuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki (2007). Basi yafaa mwalimu ajiulize: kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa akikifundisha? Nyumbani kilifundishwa, sokoni kilifundishwa, na kwenye mitumbwi pia. Lakini mahali ambapo mtoto aliketi chini mbele ya mwalimu, akasahihishwa herufi baada ya herufi, palikuwa chuoni.

Anayezuru chuo kwa mara ya kwanza husikia kelele tu. Watoto ishirini husoma kwa wakati mmoja, kila mmoja mahali pake: huyu yuko katika herufi, yule yuko katika juzuu Amma, na mwingine anakaribia kuhitimu. Mgeni husema, hapa hakuna mpango. Lakini mwalimu amekaa, pengine amefumba macho, na mtoto mmoja wa pembeni akikosea irabu moja, yule mzee hutamka neno lililo sahihi bila ya kugeuka. Ustadi huu wa sikio hatujauona katika vyuo vyetu vya ualimu, wala hatujui mtihani unaoupima. Ubao wa zamani ulioandikwa kwa wino wa masizi umeachia nafasi juzuu zilizopigwa chapa. Mpango wenyewe, hata hivyo, ni ule ule: alifu haina nukta, be ina nukta moja chini, te ina nukta mbili juu. Na tuyatazame maneno hayo kwa makini, maana si Kiarabu. Ni Kiswahili. Mtoto wa Kirundi aingiaye chuoni huongozwa kwenye herufi za Kiarabu kwa mkono wa Kiswahili, na hivyo hujifunza lugha mbili kwa pamoja, moja ya kusomwa na moja ya kusomeshewa.

Zaidi ya hayo, kila mwalimu aliyefundisha Burundi anajua taabu ya /l/ na /r/. Kirundi hakizitenganishi sauti hizi kama Kiswahili kinavyozitenganisha, kwa hiyo mwanafunzi huandika kurara akikusudia kulala, na kura akikusudia kula. Sisi twamrekebisha kwa kalamu nyekundu. Chuoni, lamu ni herufi moja na ree ni nyingine; zina sura mbali, zina majina mbali, na atakayezichanganya hataruhusiwa kuendelea na aya ya pili. Kadhalika /th/ na /dh/. Sikio lililopita hapo huja shuleni likiwa limekwisha kufunzwa nusu ya kazi yetu, nasi, kwa kutojua, twalihesabu kuwa ni sikio la kasuku.

Kwa nini basi twende mpaka Bara Hindi? Sisi wa Afrika ya Mashariki twamjua Mhindi kwa duka lake, kwa chapati na kwa bizari. Shule yake ya kale hatuijui. Nayo ina faida kubwa kwa hoja yetu, kwa sababu huko jambo hili la kuhifadhi limefikishwa mwisho wake. Veda, na hasa ile iitwayo Rigveda yenye tenzi 1028, zilitungwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya muda huo zilikaa vifuani, si vitabuni. Maandishi yaliyopo ya Rigveda ni ya juzi tu yakilinganishwa na umri wa tenzi zenyewe. Katika shule hiyo, iitwayo pathashala, mwalimu hutamka na wanafunzi huitikia, mara mbili au zaidi, siku baada ya siku, kwa miaka. Wageni walioizuru na kuandika habari zake wamezoea kusifu uzuri wa sauti za watoto asubuhi na mapema, kisha wakaenda zao. Sifa hiyo ni haki, lakini haitoshi. Imeacha kueleza jinsi kazi inavyofanywa.

Na inafanywa hivi. Mwanafunzi huhifadhi kwanza ubeti mzima kama unavyosomwa, maneno yakiwa yameungana na sauti za mipakani zimebadilika. Pili huhifadhi ubeti huo huo ukiwa umetenganishwa neno kwa neno; mpango huu huitwa padapatha. Kisha hupanda ngazi ambazo hazina mfano katika shule zetu. Na tuchukue sentensi yetu wenyewe ya ziwani ili tupate kuona: Mvuvi alileta ndagala sokoni. Katika mpango wa krama, mwanafunzi husema: mvuvi alileta, alileta ndagala, ndagala sokoni. Katika mpango wa jata husema: mvuvi alileta, alileta mvuvi, mvuvi alileta; alileta ndagala, ndagala alileta, alileta ndagala; na kuendelea. Katika mpango wa ghana, ambao ni mgumu kupita hiyo yote, husema: mvuvi alileta, alileta mvuvi, mvuvi alileta ndagala, ndagala alileta mvuvi, mvuvi alileta ndagala, kisha huanza upya kwa neno la pili. Hufanya hivyo kwa maelfu ya beti. Faida yake iko wazi kwa atakayekaa na kuhesabu: kila neno limefungwa kwa jirani zake wa mbele na wa nyuma, mara nyingi na kwa pande zote mbili, hata neno moja likidondoka au likibadili mahali pake kosa litasikika papo hapo. Kasuku hawezi kazi hii. Kasuku huiga mfululizo mmoja. Hawezi kuuvunja na kuujenga upya kwa kanuni.

Toni nazo hulindwa hivyo hivyo. Kisanskriti cha Veda kina toni za juu, za chini na za kuteremka, na katika shule za Kerala mwalimu hukishika kichwa cha mwanafunzi na kukiinua, kukiinamisha au kukigeuza upande kufuatana na toni, ili mwili ukumbuke hata ulimi ukisahau. Wahindi wana kisa cha Tvashtri aliyetaka kuumba kiumbe wa kumwua Indra. Alipolitamka neno lake aliweka toni mahali pasipo pake, na maana ikapinduka: badala ya muuaji wa Indra akapatikana ambaye muuaji wake ni Indra. Anayeona kuwa hicho ni kichekesho na akumbuke neno letu barabara. Mkazo ukiwa katika silabi ya tatu, ni njia ipitwayo na magari; ukiwa katika silabi ya pili, ni sawasawa. Ni wangapi kati yetu wanaolifundisha hilo kwa sikio, na si kwa kuliandika ubaoni?

Hata hivyo, hatukuja kuipamba kazi hii. Shtaka la msingi ni kuhusu maana, nalo ni la kweli. Jambo la kupendeza ni kwamba halikutungwa na walimu wa leo. Kautsa, ambaye hoja yake imehifadhiwa katika kitabu cha Yaska juu ya maana ya maneno ya Veda, alishika kuwa maneno yale hayana maana ya kutafutwa. Yaska akamkatalia, na katika kitabu hicho hicho aliyehifadhi Veda bila ya kuifahamu amefananishwa na nguzo iliyotwikwa mzigo. Nayo Kurani, katika sura ya Al-Jumua, inapotaja watu waliopewa Taurati wasiichukue ipasavyo, huwafananisha na punda aliyebeba vitabu. Basi anayewaambia watu wa chuo kuwa kuhifadhi bila ya kufahamu ni upungufu hawaambii jambo geni.

Tofauti iko katika wakati na mahali ambapo maana hutolewa. Katika shule ya Veda, kuhifadhi ni kazi ya mmoja na kufasiri mara nyingi ni kazi ya mwingine. Ufafanuzi mkubwa wa Sayana uliandikwa katika karne ya 14, na wengi wa wanaozisoma tenzi kwa ghibu hawakupata kuusoma. Chuo cha Rumonge kina nafasi iliyo bora, kwa sababu lugha ya kufasiria iko mdomoni mwa mwalimu na mdomoni mwa mtoto saa yo yote. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikwisha kuitoa Qurani Takatifu kwa Kiswahili mwaka 1969. Hapa ndipo penye lawama yetu: nafasi hiyo mara nyingi haitumiki. Maana huahirishwa mpaka mtoto ahitimu, na watoto wengi huacha kabla ya hapo, wakaenda ziwani au shambani, wakabaki na sauti iliyolindwa vizuri na mlango wa maana usiofunguliwa. Mwalimu angeweza kuufungua kwa dakika tano kila siku, kwa Kiswahili, bila ya kuharibu hata irabu moja. Na fimbo nayo tuiseme. Wako waliochapwa chuoni hata wakaichukia herufi kabla ya kuijua. Sikio lililofunzwa kwa hofu halidumu, na hakuna haja ya kulitetea jambo hilo kwa kusema kuwa ni desturi.

Katika jambo moja, lakini, chuo kinaishinda kabisa pathashala. Kwa mapokeo, Veda ilifunzwa kwa wavulana wa tabaka la juu tu. Wanawake na watu wa tabaka la Shudra walizuiliwa hata kuisikia. Ilimpasa Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mwaka 1875, kupigania kwamba Veda ni ya watu wote, na wafuasi wake waliileta fikra hiyo mpaka Nairobi mwaka 1903. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua usomaji wa Veda kuwa urithi wa binadamu, huku ikieleza kuwa kati ya matawi zaidi ya elfu moja yaliyokuwapo zamani yamesalia 13. Haihitaji akili nyingi kuona kuwa mlango mwembamba umechangia hasara hiyo. Chuoni kwetu mtoto wa mchuuzi, wa mvuvi na wa mgeni aliyeingia mjini jana huketi mkeka mmoja, na wasichana wamo.

Kuna faida nyingine ya kuhifadhi ambayo watu wa mwambao huu hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1972 machafuko yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini kote, yaliwatupa watu wengi ng'ambo, Kigoma na kwingineko. Na baada ya 1993 wakakimbia tena. Anayevuka ziwa usiku hachukui kabati la vitabu. Katika miaka hii ya 2020 ziwa lenyewe limepanda na kuingia mitaa ya chini ya Rumonge, na karatasi si rafiki wa maji. Kilichokuwa kifuani kilivuka na kilirudi.

Tunalotaka kwa walimu wenzetu, basi, si kuliacha swali la maana, bali kuacha kulitumia kama rungu. Mtoto aliyetoka chuoni asinyamazishwe asomapo kwa sauti. Aulizwe lamu na ree, asaidie wenzake wasioweza. Wala si haramu kuazima mbinu ya ghana kwa somo la sarufi. Mwalimu na achukue sentensi yetu ya sokoni, awaongoze wanafunzi waigeuze kama wafanyavyo wenzao wa Veda. Kisanskriti, kwa kuwa neno hubeba alama ya kazi yake mwishoni, kwa kawaida hustahimili mgeuzo huo bila ya maana kupotea. Kiswahili hakistahimili. Darasa likifika penye ndagala alileta mvuvi, watoto watacheka, kwa kuwa wamemwona dagaa akimburuta mvuvi kwenda sokoni. Na mmoja wao, pengine yule wa chuoni mwenye sikio kali, atanyosha mkono na kusema kuwa hapo ingefaa alimleta.