Ufasaha na Mtiririko: Tahakiki ya Matayarisho ya Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza

Mnamo Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 ni 10 tu waliofaulu mtihani wa Kiingereza. Wengi walistaajabu. Iweje watu waliosomeshwa uuguzi kwa Kiingereza, na ambao huandika habari za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, waangushwe na lugha hiyo hiyo? Mitihani ya namna hii huwa na sehemu nne, na si haki kuitwika sehemu moja lawama zote. Walakini sehemu ya kuzungumza inastahili kutazamwa kwanza na walimu wa lugha, maadamu matayarisho yake aghalabu hujengwa juu ya kosa la kufasiri neno moja.

Neno lenyewe ni ufasaha. Katika mtihani wa IELTS, ulio mashuhuri zaidi miongoni mwa mitihani hii, mtahiniwa huketi na mtahini mmoja kwa dakika 11 hadi 14. Hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: mwendo wa usemi na mshikamano wake, msamiati, sarufi, na matamshi. Kigezo cha kwanza ndicho kinachoitwa “ufasaha” madarasani. Lakini neno hilo, lililotoka katika Kiarabu, limebeba katika Kiswahili maana ya usemi safi, uliochujwa, wenye maneno teule. Msemaji fasaha aweza kunyamaza kitambo kabla ya kujibu, na kimya chake kikahesabiwa kuwa busara. Kigezo cha mtihani hakitafuti hayo. Kinatazama iwapo usemi unaendelea bila kukatikakatika kwa kutafuta maneno, iwapo wazo moja linaliita jingine, na iwapo msemaji aweza kulirefusha jibu lake bila kusukumwa. Huo ni mtiririko. Mtu aweza kuwa nao kwa maneno ya sokoni, na mwingine akaukosa ijapokuwa ana hazina ya misamiati.

Kosa hilo la tafsiri limezaa mbinu yake. Mtahiniwa anayeamini kwamba anatafutiwa ufasaha hununua kitabu cha majibu ya mfano, akakariri hotuba juu ya mwalimu ampendaye au safari asiyoisahau, akaipamba kwa misemo mizito. Kisha anaingia chumbani na kupewa kadi yenye mada nyingine kabisa. Ana dakika moja ya kujitayarisha, na dakika moja hadi mbili za kusema. Hapo ndipo hotuba ya mwalimu mpendwa inapolazimishwa kuwa hotuba juu ya mto au nguo. Watahini wamefunzwa kuyatambua maneno yaliyokaririwa, na hata asiyefunzwa angeyatambua, kwa kuwa yana kiimbo cha maandishi yanayosomwa: vituo viko mahali pa nukta, wala si mahali ambapo fikira hupumzika.

Asilaumiwe mtahiniwa kabla ya kutazamwa shule iliyomlea. Katika mtihani wa KCSE, ulioanza mwaka 1989, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kusema. Lakini mtahiniwa hafungui kinywa. Anaulizwa kwa maandishi ni neno gani linatamkwa sawa na jingine, mkazo uwekwe wapi, au mtu ajiandae vipi kwa usaili. Naye hujibu kwa kalamu. Ajabu ni kwamba anayechagua Kifaransa katika mtihani huo huo hupimwa kwa mdomo, ambapo Kiingereza na Kiswahili, lugha mbili za lazima, hupimwa kwa karatasi tu. Muuguzi wa Kenya aweza basi kusoma Kiingereza tangu utotoni asikutane na mtihani wa taifa unaomtaka aseme.

Jambo jingine ni adabu. Mtahini ni mgeni mwenye mamlaka, na katika malezi ya Waafrika wa Mashariki walio wengi mbele ya mtu wa namna hiyo jibu fupi ndilo jibu la heshima. Kujieleza kwa kirefu juu ya nafsi yako pasipo kuombwa ni majivuno. Mtihani unaiadhibu heshima hiyo: anayejibu “ndiyo, naipenda kazi yangu” akanyamaza hajampa mtahini kitu cha kupima.

Kuhusu matamshi yapo mengi ya bure yanayofundishwa. Mtihani haudai lafudhi ya London. Unadai usemi ueleweke bila taabu. Kazi iliyopo ni ndogo na mahususi. Kiswahili kina irabu tano na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kina irabu nyingi na mkazo unaohamahama. Msemaji wa Kenya aghalabu huyatamka “bad”, “bud” na “bird” kwa irabu moja ya a. Kurekebisha hayo kunafaa zaidi kuliko kuiga pua ya mtangazaji wa redio.

Mtiririko hufunzwa kwa kusema. Mwaka 1989 Paul Nation alichunguza zoezi ambalo msemaji husimulia jambo lile lile kwa wasikilizaji watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Halihitaji kitabu wala ada.

Hata hivyo mtihani wenyewe hauna kinga. Mwaka huo huo wa 1989 Leo van Lier aliuliza iwapo usaili wa kupima lugha ni mazungumzo kweli, na swali lake lingali hai. Katika sehemu ya kwanza ya IELTS, mtahini aweza kulirudia swali lakini si kulifafanua. Mtahiniwa naye hujibu tu. Ni nadra kuhitajiwa aulize. Ilhali kazi ya muuguzi ni kuuliza. Kwa hiyo ni vema walimu wautazame pia mtihani wa OET, ambao nao unakubaliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza. Humo mtahiniwa huigiza kazi yake, na aliye mbele yake huwa mgonjwa au jamaa wa mgonjwa. Tangu 2018 hupimwa pia jinsi anavyojenga uhusiano na mgonjwa na anavyomsikiliza. Mtu aliyelelewa kutoa pole kabla ya kuuliza maumivu yako wapi huingia katika chumba hicho na kitu cha kusema.