Remmy Ongala ni wa nani?

Jioni moja tulikuwa kwenye matanga mu kartie Mudzipela. Kwaya ilikuwa imeimba, ikachoka, na watu wakabaki kimya chini ya hema. Ndipo kijana mmoja akaweka muziki kwa sauti ya chini: "Kifo" wa Remmy Ongala. Mwenzake akauliza: "Ule Mutanzania anaitwa nani tena?" Papa mmoja akageuka kwa hasira: "Ule hapana Mutanzania! Ule ni mutoto wa Kongo, mutoto wa Kindu!" Ubishi ukaanza, ukaendelea mpaka usiku mwingi.

Katika kitabu hiki cha mila na desturi zetu tumeona vema kuuendeleza ubishi ule, kwa sababu hauhusu mtu mmoja tu. Unahusu sisi wenyewe, na lugha yetu.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa Kindu, mu Maniema, mwaka 1947. Inasimuliwa kwamba alizaliwa akiwa na meno tayari, na kwamba mganga alimwambia mama yake asimkate mtoto nywele. Wasomaji wetu wanajua maana ya alama kama hizo kwa watu wa zamani: mtoto wa namna ile anahesabiwa kuwa mganga tangu tumboni. Ndiyo maana ya jina "Dokta", na ya zile nywele ndefu. Si mambo aliyoiga kwa wanamuziki wa Jamaika, kama wengi walivyodhani.

Alipiga muziki huku Kongo, halafu mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kwenye orkestra ya mjomba wake, Mzee Makassy. Huko ndiko alikotunga "Siku ya Kufa". Orkestra ile ilipohamia Nairobi, yeye alibaki, akaingia Super Matimila. Mwaka 1988 wakaitwa Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka Uingereza sahani ya "Songs for the Poor Man", yaani nyimbo za mtu maskini. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mpaka leo kuna kituo cha basi kule kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Mgeni aliyeingia bila kitu, mji ukachukua jina lake! Si jambo dogo.

Basi, ni wa nani? Papa wa Mudzipela anasema damu. Kijana anasema makaazi. Sisi tunasema: tusikilize nyimbo.

Magitaa yake ni ya kwetu, hilo halina ubishi. Ni rumba, na sehemu ya mwisho inakimbia kama tulivyozoea tangu wakati wa African Jazz na OK Jazz. (Majina hayo ya "jazz" yasimdanganye mtu. Huku kwetu neno lile lilimaanisha orkestra ya kisasa, hapana muziki wa Wamarekani.) Lakini maneno yake yanakaa mbele ya magitaa, si nyuma. Mwenyewe aliuita mtindo wake "Ubongo": muziki wa kuingia kichwani kabla ya miguu. Katikati ya wimbo anasimama, anaongea, anauliza, anajibu, kama mzee anayesimama kwenye kilio kuwaambia watu ukweli. "Kifo" si wimbo wa kuogopesha. Anasema na kifo kama mtu anavyosema na jirani asiye na huruma. "Sauti ya Mnyonge" haimpi maskini pole tu, inampa nafasi ya kusema.

Hiyo ndiyo mila tunayoitambua. Mu matanga yetu daima alikuwako mtu wa kusema kwa niaba ya wote. Remmy alilichukua kazi la mtu yule, akalipeleka kwenye baa.

Lakini, wapendwa wasomaji, tujiulize bila aibu: angebaki huku, angeweza? Kwetu Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Hata hivyo, tangu orkestra za Kinshasa zilipoenea, mwanamuziki anayetaka kusikiwa anaimba kwa Kilingala. Si kwamba nyimbo za Kiswahili hazikuwako. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa "Masanga" tangu 1952, na gitaa lake lilifundisha Afrika nzima. Ila njia ile haikupanuliwa. Tanzania, kinyume chake, Kiswahili kilikuwa lugha ya serikali, ya shule na ya redio, na wasikilizaji walizoea kudai ujumbe ndani ya wimbo. Remmy alikuta masikio yaliyo tayari. Kindu ilimpa sauti, Dar es Salaam ikampa wasikilizaji.

Hatusemi kila kitu chake ni kizuri. Kwenye sahani ya "Mambo" ya 1992 aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza, kama "No Money, No Life". Kwa sikio letu, hapo nguvu inapungua: maneno yanakuwa kama ya kuandikwa ukutani, na yule mzee wa kilio haonekani tena. Pia kuna nyimbo ambapo mashauri yanazidi, mpaka gitaa linamsubiri. Lakini hata huko hakuwa mwoga. "Mambo kwa Soksi" iliwaambia watu wazi wazi wajikinge na ukimwi kwa kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, na watu wakaujua hivyo hivyo.

Sasa turudi Bunia. Sisi watu wa Ituri tulizika wengi sana katika vita ya 1999 mpaka 2003, na tumezika tena baadaye. Tulilia kwa Kilendu, kwa Kihema, kwa Kialur, kwa Kibira. Lakini tulipokaa pamoja, watu wa lugha mbalimbali kwenye tanga moja, tuliombolezana kwa Kiswahili. Hakuna lugha nyingine inayotukusanya vile. Halafu vijana wetu wakishika gitaa, wanaimba mapenzi kwa Kilingala na kutaja majina ya matajiri, na Kiswahili wanakiacha kwa soko na kwa teksi-moto. Wakiulizwa, wanajibu: "Kiswahili haiko na utamu mu wimbo." Kumbe mtoto wa Kindu alikwisha kuwajibu.

Wimbo wake mmoja unauliza: "Muziki Asili Yake Wapi". Tungependa swali lile liulizwe kwenye mazoezi ya kila kikundi cha mji huu. Hatuna haki ya kumdai Remmy kwa cheti cha kuzaliwa tu. Atakuwa wetu siku ile kijana wa Mudzipela atakapotunga kwa Kiswahili chetu hiki hiki, na "mutoto" yake na "hapana" yake, wimbo mmoja wa kuimbwa kwenye matanga wakati kwaya imechoka.