Wivu na Urafiki katika "Mashetani": Usomaji wa Thika na Ruiru

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Mashetani (1971), imezoeleka kuhakikiwa kama istiara ya siasa: Shetani ni ukoloni katika sura zake mbalimbali, na Binadamu ni Mwafrika aliyejipatia uhuru. Usomaji huo una ushahidi wake. Hata hivyo, unalipita kwa haraka jambo ambalo hadhira hulikuta kwanza jukwaani, yaani vijana wawili wanafunzi, Juma na Kitaru, ambao urafiki wao unaharibika. Makala haya yanadai kwamba istiara hiyo haisimami pasipo uharibifu huo kuelezwa.

Kiswahili chatupa maneno mawili ya kuanzia. Wivu waweza kuwa uchungu wa mtu juu ya kilicho chake, au anachokiona kuwa chake. Husuda ni kumtakia mwenzio apungukiwe, hata kama wewe huongezewi kitu. Juma ni mtoto wa familia iliyokuwa na mali na hadhi, ikavipoteza. Kitaru ni wa familia inayoneemeka baada ya uhuru. Kwa hiyo uchungu wa Juma waanza kama wivu wenye kumbukumbu. Katika mchezo wao chini ya mbuyu, Juma ndiye Shetani na Kitaru ndiye Binadamu, na uigizaji huo wampa Juma ruhusa ya kuyatoa yale ambayo adabu ya urafiki iliyafunika. Hapo wivu waanza kugeuka husuda. Naye Kitaru, aliyepata, ndiye anayekosa utulivu. Tofauti imewadhuru wote wawili.

Mwalimu wa Thika au Ruiru hana haja ya kwenda Unguja ya 1964 kuutafuta mfano. Huko, baada ya uhuru wa 1963, baadhi ya mashamba ya walowezi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi. Mwenye hisa alipata kipande cha ardhi. Asiyekuwa nayo alibaki kibarua wa kahawa au mchonga mawe machimboni. Watoto wao huweza kukaa dawati moja, na kiatu kipya au karo iliyolipwa mapema ikatosha kuwafarakanisha. Mwalimu akiukemea wivu huo kama dhambi tu, atakuwa ameadhibu dalili na kuuacha ugonjwa.

Lakini mfano huo huo wafichua upungufu wa tamthilia. Hussein ameuweka mgogoro wake mkuu baina ya aliyepoteza na aliyepata. Mwana wa mchonga mawe hakupoteza kasri lolote. Wivu wake hauna utukufu wa jana wa kuulilia. Huyo hana nafasi chini ya mbuyu ule. Mhakiki anayewatetea wanyonge kwa kuutegemea uchungu wa Juma hana budi kujiuliza ni mnyonge yupi anayemtetea.