Mnyororo wa hatua saba, na ile ya saba iliyobebeshwa mzigo wote

Wale kati yetu wanaoandika mémoire juu ya usalama wa kompyuta, karibu wote wanafungua na mchoro uleule: hatua saba za shambulio, zimefuatana kwenye mstari kama mabehewa ya treni. Mchoro huo ulitoka Marekani mwaka 2011, katika maandishi ya Eric Hutchins, Michael Cloppert na Rohan Amin wa Lockheed Martin, kampuni inayotengeneza ndege za vita. Mimi niko mtu wa kilimo, lakini maandishi yale nimeyasoma, na naona tunayanakili bila kuyauliza swali.

Kwanza nitoe sifa zake. Mafundisho mengi yanapanga mashambulio kwa majina: virusi, mnyoo, farasi wa Troya, barua pepe ya uongo, programu inayofunga mafaili na kudai pesa. Jina linakuambia kitu ni nini, halikuambii kimefika wapi. Sisi wa kilimo tunaijua hiyo. Ukimwambia mkulima kwamba mnyauko wa migomba unaletwa na bakteria aitwaye Xanthomonas, bado hujamsaidia. Mwambie kwamba wadudu wanaubeba kupitia ua dume, na kwamba panga lenye utomvu linautoa mgomba huu linaupeleka kwa ule: hapo atajua akate wapi na asafishe nini.

Hutchins na wenzake walifanya kazi hiyo kwa kompyuta. Mwizi anachunguza, anatengeneza silaha, anaifikisha, inapenya kwenye tundu la programu, inajisimika, inaamrishwa kutoka mbali, kisha anatimiza lengo lake. Mfano wao wa Machi 2009 ni mzuri kweli: mashambulio matatu, na lile la tatu lilipitia tundu ambalo lilikuwa bado halijazibwa. Lakini mwizi hakubadilisha vyote. Sehemu zingine za mnyororo zilikuwa zile zile za mara ya kwanza, na hapo ndipo aliposhikwa.

Bon, sasa tuuweke mnyororo huo juu ya wizi wa Banki Kuu ya Bangladesh. Kufuatana na wapelelezi wa Marekani, barua pepe za uongo, za mtu anayejifanya anatafuta kazi, zilianza mapema 2015. Usiku wa tarehe 4 Februari 2016, maombi 35 ya karibu dola milioni 951 yalitumwa kwa jina la banki hiyo kwenda Federal Reserve ya New York. Milioni 81 zilifika Manila.

Hatua sita za kwanza zinaelezeka vizuri. Ya saba je? Akaunti za Manila zilifunguliwa Mei 2015, miezi tisa kabla. Siku ilichaguliwa kwa akili: Bangladesh wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, New York Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu ile Manila ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Printa ya kutoa karatasi za uthibitisho ilinyamazishwa. Pesa zikapitishwa kwenye kasino, juu sheria ya Ufilipino ya kupambana na pesa chafu ilikuwa haijazigusa kasino wakati ule (zilikuja kuingizwa 2017). Yote hayo, mwaka mzima wa akili, mchoro unayaita “kutimiza lengo”, sanduku moja tu! Tena halikuwa la mwisho: lilianza wakati masanduku mengine yalikuwa bado yanajazwa.

Na nani alikata? Dola milioni 20 zilizokuwa zinaenda Sri Lanka zilisimamishwa juu mwizi aliandika “fandation” mahali pa “foundation”. Mtu wa banki alisoma na akatilia shaka. Sehemu kubwa ya maombi mengine ilikwama New York, neno “Jupiter”, jina la barabara ya ile banki ya Manila, lilipofanana na jina lililokuwa kwenye orodha ya vikwazo. Bahati tupu.

Kasoro hiyo inatuhusu sisi zaidi ya Wamarekani. Chukua ile SMS ya “nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie”. Hakuna virusi, hakuna tundu la programu, hakuna amri kutoka mbali. Masanduku ya katikati yanabaki matupu, donc mwanafunzi anaandika kwamba hilo si shambulio la kompyuta, ni utapeli tu. Lakini iko na hatua zake: namba inachaguliwa, ujumbe unaigiza ule wa kweli, simu inapigwa haraka ili usiangalie salio, na ajenti anatoa pesa kabla hujakaa chini. Lockheed Martin walikuwa wanalinda siri za ndege. Mama anayeuza samaki analinda salio.

Wengine watanijibu kwamba kuko ATT&CK ya MITRE, ambayo hailazimishi hatua zifuatane. Ni kweli, na naipenda zaidi, sababu inakusanya yale yaliyoonekana kwa wezi wa kweli. Shida yake ni uzito: ni jedwali la kumchosha hata fundi. Kwa mémoire ya miezi sita, ningechukua mchoro wa 2011, nianzie sanduku la saba, nilipasue, na niulize ndani yake nani alifungua akaunti, lini, na nani alitoa pesa.