Msikilizaji Asiyehesabika

Filamu ya Amanda Dawn Christie, Spectres of Shortwave, iliyotoka mwaka 2016, inahusu kituo kimoja cha kurushia matangazo kilichokuwa Sackville, kwenye ardhi chepechepe ya Tantramar mashariki mwa Kanada. Kituo kilizinduliwa Februari 1945. Kwa zaidi ya miaka 60 minara yake ilipeleka matangazo ya Kanada ng'ambo kwa masafa mafupi, ikabeba pia matangazo ya mashirika ya nchi nyingine. Mwaka 2012 bajeti ya Radio Canada International ilikatwa kwa takriban asilimia 80. Matangazo ya masafa mafupi yakakoma mwaka huohuo, na mwaka 2014 minara ikaangushwa.

Christie hana haraka. Kamera yake ya milimita 35 inatulia mbele ya minara katika theluji, ukungu na jua, huku tukisikia sauti za watu tusiowaona: mafundi waliofanya kazi pale na majirani walioishi karibu na nyaya zile. Majirani ndio wenye visa. Wanasimulia redio iliyoongea kutoka kwenye sinki la jikoni na vyombo vingine vya nyumbani. Si uchawi. Karibu na mtambo wenye nguvu kiasi hicho, kiungo cha chuma chenye kutu kinaweza kuyanasa mawimbi na kuyageuza sauti bila kuamriwa na mtu.

Uamuzi wa kutoonyesha nyuso ni wa busara. Redio ni sauti isiyo na uso, na filamu inatulazimisha tuisikilize hivyo. Minara inapoanguka, tumeshakaa nayo muda wa kutosha kuona tumefiwa.

Lakini tumefiwa na nani? Simulizi za filamu zinatoka upande wa mnara. Sinki limepata nafasi ya kusemewa, ila mtu aliyekuwa kilomita elfu kadhaa kutoka pale, ambaye matangazo yalitengenezwa kwa ajili yake, hayupo. Kasoro hii si ya Christie peke yake. Ni tabia ya maombolezo ya aina hii kwa jumla: picha za mitambo iliyozimwa, video za minara ikikatwa miguu, makala za wastaafu. Chuma kinapigika picha. Msikilizaji alikuwa amejikalia gizani na redio ya betri, na hakuna aliyejua yupo.

Waliofunga vituo nao walikuwa na tatizo hilohilo. Hawakuweza kumhesabu. Tovuti inajua imefunguliwa mara ngapi, na simu inajua iko mikononi mwa nani. Masafa mafupi hayarudishi taarifa yoyote kwa mrushaji, isipokuwa barua za wasikilizaji wachache. Mtu asiyeonekana kwenye jedwali ni rahisi kumfuta kwenye bajeti, na sanaa inayokuja baadaye kulilia mnara inaweza kumfuta mara ya pili.

Sackville yenyewe inatupa mfano. Mbali na matangazo ya ng'ambo, ilirusha idhaa ya CBC ya kaskazini mwa Quebec, iliyowafikia Wainuit kwa lugha yao. Kituo kilipofungwa, pengo likazibwa kwa mitambo midogo ya FM katika vijiji vitano. Kwa hesabu ya vijiji, hilo ni jibu. Kwa mwindaji aliye safarini mbali na kijiji, si jibu, kwa sababu FM huishia karibu na mnara wake.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna Sackville yetu, ingawa hatujaitengenezea filamu kama hiyo. Katika kilima cha Kinyinya, Kigali, Deutsche Welle ilikuwa na kituo cha masafa mafupi tangu 1965, kikiwa na mitambo ya kilowati 250. Kilizimwa Machi 28, 2015, baada ya miaka 50. Shirika lilieleza kwamba wasikilizaji wanahamia FM na intaneti. Idhaa ya Kiswahili iliendelea na masafa mafupi kwa kukodi mitambo ya wengine, kwa hiyo haikuwa kimya cha ghafla. Ilikuwa kama mwenye nyumba aliyeuza nyumba akabaki mpangaji: bado analala ndani, lakini anaweza kuondoka wakati wowote.

Chini ya miezi miwili baadaye, Mei 2015, lilifanyika jaribio la mapinduzi nchini Burundi. Katika siku mbili tu, vituo binafsi vya redio vya Bujumbura, kikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro, vilishambuliwa na kunyamazishwa. Sisemi kwamba Kinyinya ingewaokoa Warundi. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la ayoni na kurudi chini mbali, mara nyingi yakimruka jirani. Ninachosema ni kwamba FM tunayoambiwa ndiyo mrithi ina anwani, ina mlango, na mlango huvunjwa. Redio inayotoka nchi nyingine haivunjwi kwa rungu. Itabidi uivurugie mawimbi, na hiyo ni kazi ya gharama.

Dar es Salaam iliijua siri hii mapema. Huduma ya nje ya Radio Tanzania iliwapa vyama vya ukombozi nafasi ya kuzungumza na watu wao, na Radio Freedom ya ANC ilisikika kutoka hapa. Kuisikiliza Afrika Kusini kulikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Aliyeisikiliza kwa sauti ya chini hakutaka kuhesabika. Kutohesabika ndiko kulikomlinda.

Tusiyapake asali masafa mafupi. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 ili kuupiga vita ukoloni, BBC ikafungua idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957 huku Cairo ikiwa tayari imeshika masikio, na Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962. Hakuna aliyekuja kwa mapenzi ya lugha peke yake. Kila serikali ilikuwa na lake, na inayolipia matangazo ndiyo inayoweza kuyakata, kama ilivyoonekana Machi 2025 Sauti ya Amerika iliponyamazishwa kwa amri iliyotoka Washington. Tena sauti yenyewe ilikwaruza, ikapotea, ikarudi katikati ya sentensi. Aliyehamia FM hakuwa mjinga.

Hata hivyo Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima na kubaki hivyo kwa siku kadhaa. Bando lilikuwepo, simu ilikuwepo, habari hazikuwepo. Siku hizo hoja ya kwamba msikilizaji amehamia mtandaoni ilikosa maana, kwa kuwa alikohamia kuna swichi, na swichi haiko mkononi mwake.

Ndiyo maana naipenda filamu ya Christie na bado naona imefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili haihitaji minara, maana wasikilizaji wengi wa masafa mafupi wangali hai. Wanajua mita bendi ipi ilishika jioni na ipi alfajiri, na kwa nini betri zilianikwa juani. Wanakumbuka nani alikemewa kwa kupiga soga wakati wa taarifa ya habari, na habari ipi waliipata usiku kabla redio ya nchi yao haijathubutu kuisema. Wengine ni babu na bibi zetu. Wa kuwauliza ni sisi, na hatuna miaka mingi ya kufanya hivyo.