Saa Kumi ya Bamvua

Jioni za bamvua, vijana wanapochupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Unguja, siku hizi simu zinazowaelekea ni nyingi kuliko wachupaji wenyewe. Mpita njia husimama, hupiga, huondoka. Mimi hukaa kando na kamera yangu, Nikon FM2, na lenzi yake ya milimita 105, na kila nikikaa huona jinsi ufundi mkubwa wa picha ulivyotutoka mikononi pasi na mtu kutoa tanzia.

Ufundi huu huanza na mwezi. Siku za mwezi kuandama na za mwezi mpevu, bahari huingia bamvua, na maji ya Unguja hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Hapo kijana hujitosa bila kuogopa mawe, na jua nalo limeshaelemea magharibi, mbele ya ukuta, limeing'arisha bahari yote. Wiki moja baadaye maji ni mafu: yanajaa kwenye saa nne, na ifikapo saa kumi jioni yamekupwa. Aliyelelewa pwani hutazama mwezi usiku, akajua kesho aende au alale.

Kamera hii ilitoka mwaka 1982, na shata yake inaendeshwa na springi na meno ya chuma tu. Betri kazi yake ni kupima mwanga. Ikifa, kamera inaendelea kupiga. Lenzi ni nzito kiganjani, na pete yake huzunguka laini, bila kukwama wala kulegea. Naipenda kwa sababu inaniwezesha kukaa mbali nisiwabughudhi watoto, na papo hapo niwaone hadi matone yanayoning'inia kwenye nyusi.

Husimama ubavuni mwa ukuta, ili mchupaji apite mbele yangu badala ya kunikimbia. Hivyo masafa kati yetu hayabadiliki. Nailenga lenzi mapema kwenye jiwe analokanyaga mara ya mwisho. Mwanga nao una hila. Bahari inayometa huidanganya mashine. Ukiifuata, mtoto anatoka kivuli kitupu. Kwa hiyo nafungua tundu la lenzi hatua mbili zaidi, ngozi ipate haki yake, na bahari nyuma naiacha ijiwakie. Shata naiweka 1/1000.

Kisha nangoja. Mwili ukirushwa juu, kuna nukta unapofika kileleni, haupandi tena wala haujaanza kushuka. Magoti yamekunjwa, mikono imetandazwa, uso bado haujakumbuka maji. Nukta hiyo ndiyo picha. Lakini ukibonyeza unapoiona, umechelewa. Lazima kidole kitangulie, kimwamini yule mtoto kwamba atafika. Na kinaponguruma kile kioo cha ndani kikapanda, jicho langu linaona giza. Ukiona mruko wote mwanzo hadi mwisho, ujue umeukosa. Uliounasa ni ule ambao kilele chake hukukiona.

Baada ya hapo sharti uvute wenzo kwa kidole gumba kabla ya kupiga tena. Mtoto ameshaingia majini. Mruko mmoja, picha moja, na filamu nzima ni picha 36. Uhaba huo ndio ulionifunza kumtazama mtu kabla ya kumpiga: nani huanza kwa mguu wa kushoto, nani hujipinda hewani, nani hutazama kwanza kama wenzake wanamwona.

Mji huu uliujua ufundi huo zamani. Mpigapicha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mwaka 1930, na picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zimetuhifadhia watu na mitaa ambayo bila yeye tungeisikia kwa masimulizi tu. Studio ilikuwa mahali pa heshima. Watu walivaa, walijipaka manukato japo picha hainusiki, walikaa kitako wakatulia. Siku chache baadaye picha ilisafishwa, ikachukuliwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni.

Kumpiga mtu picha kulikuwa ni kukopa sura yake, na deni lililipwa kwa karatasi. Mimi bado nalipa. Filamu naiagiza, naisafisha mwenyewe katika chumba cha giza, na bamvua linalofuata narudi ukutani na bahasha. "Mjomba, yangu imetoka?" huniuliza wakingali wanachuruzika maji. Huishika kwa ncha za vidole, pembeni, wasiilowanishe. Hakuna aliyewafundisha kuishika hivyo.

Wale wenye simu hawawaulizi hata majina. Wanawapiga picha mamia kwa mamia, hawazitazami mara ya pili, na hakuna anayerudi. Waliotutangulia walipiga picha chache, wakatuachia sura zao. Sisi tunaopiga kila saa, wajukuu tutawaachia simu zilizozimika na nywila wasizozijua. Na hawa vijana wa Forodhani, ambao pengine hupigwa picha kuliko watoto wote wa mji, wengi wao watazeeka bila hata moja ya kuwaonyesha watoto wao kwamba na wao waliwahi kuruka.