Nyaya Mbili za Bluu

Taa zilikuwa zinawaka, na hilo ndilo lililowapoteza mafundi wawili wa kwanza. Umeme upo, betri ina chaji, ila kioo cha inveta kinasema betri haionekani. Fundi wa kwanza alisema betri mbovu. Wa pili alitaka inunuliwe inveta mpya. Huyu wa tatu alivuta kigoda, akakaa, akamuuliza mama mdogo: "Mama, hii kebo nyembamba nani aliichomeka?"

Swali hilo lilinifanya nisogee karibu. Nyaya nene hubeba umeme. Ile nyembamba hubeba habari. Kwa kebo hiyo betri huiambia inveta imebaki na asilimia ngapi, na inavumilia volti na ampea kiasi gani. Habari zikikatika, inveta hubaki kukisia kwa volti, na betri ya lithiamu kama hii ina siri nzito: kutoka karibu kujaa hadi karibu kuisha, volti zake hazisogei sana. Ndiyo maana kwa mama mdogo nyumba ilikuwa inazimika ghafla usiku, inveta ikidhani chaji ipo.

Lugha ya habari hizo ni CAN, iliyotolewa na Bosch mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Hutumia nyaya mbili tu, ya juu na ya chini, na kila mwisho wa njia huwa na kizuizi cha ohmu 120. Fundi alizima mitambo yote, akachomoa kebo upande wa betri, akagusisha ncha za mita, nyembamba kama sindano, kwenye pini ya nne na ya tano. Alitegemea 120 ya inveta. Mita ikakaa kimya.

Wengi wangeitupa kebo hapo. Yeye alihamisha ncha, jozi baada ya jozi, bila haraka. Ya saba na ya nane: 120.

"Betri inasemea nne na tano," alisema, "mwenzake anasikilizia saba na nane."

Akathibitisha kwenye vijitabu vya vifaa vyote viwili. Kisha akakata kichwa cha upande wa inveta, akazihamisha nyaya mbili za bluu zitokazo nne na tano hadi nafasi ya saba na ya nane, ya juu kwa ya juu, ya chini kwa ya chini, akazinyoosha kwa ukucha kabla ya kubana kichwa kipya.

Alipowasha tena mitambo, kioo kikaandika asilimia 64. Mama mdogo akapiga vigelegele. Fundi akasubiri dakika kumi, akaichomoa kebo makusudi aone kama inveta italalamika. Ikalalamika. Akairudisha, akakaa tena kwenye kigoda, macho kwenye kioo.